Hema la "watu wanane": uzoefu wangu baada ya safari nne

Kwenye mfuko wa hema hili kuna mchoro wa watu wanane wamelala bega kwa bega, wamenyooka kama penseli kwenye boksi. Sisi ni watano, kwa hiyo nilijiona nimenunua jumba. Siku ya kulijaribu uani nikachukua futi kamba: sakafu ni meta 4.2 kwa 3. Gawanya hizo 4.2 kwa wanane, kila mtu anaambulia sentimeta 52 na ushee. Kitanda cha mtu mmoja huwa na 90. Aliyechora mchoro ule hajawahi kulala na mtoto anayerusha mateke.

Hesabu yetu sisi iko hivi. Magodoro mawili ya upepo, kila moja lina upana wa sentimeta 140: moja langu na mama watoto, la pili la mabinti. Mdogo wao analala kwenye kigodoro cha sponji cha 80. Jumla 360, inabaki njia ya sentimeta 60 ya kutoka nje usiku bila kumkanyaga mtu. Mabegi yanapangwa miguuni. Watano tunatosha vizuri. Wa sita angebanwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kimo. Katikati kuna meta 2, navaa suruali nikiwa nimesimama wima. Vijana wanaobeba mahema mgongoni wacheke tu, kiuno changu ndicho kinachojua. Hema lina kilo 17, lakini linapanda kwenye buti na kushushwa hatua kumi kutoka kwenye gari, kwa hiyo uzito haunihusu. Kulisimamisha mara ya kwanza kulichukua karibu saa nzima na maneno mawili matatu yasiyofaa mbele ya watoto. Sasa hivi tukiwa wawili ni dakika 20.

Sasa tuje kwenye maji.

Asubuhi ya safari ya kwanza binti yangu aliniamsha: "Baba, blanketi limelowa." Usiku haikunyesha hata tone. Nikapitisha kiganja kwenye paa kwa ndani, kikarudi kimelowa. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe: watu watano, madirisha yote yamefungwa kwa kuogopa baridi, mvuke ukagusa kitambaa cha baridi ukageuka maji. Tangu hapo naacha matundu ya juu wazi na dirisha moja nimelifungua nusu, hata kukiwa na baridi. Tatizo limepungua sana, ingawa halijaisha.

Safari ya pili mvua ilikuja kweli. Lebo inasema paa linahimili milimeta 2,000 na sakafu 3,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijaanza kupenyeza. Sakafu inahitaji zaidi kwa sababu magoti na magodoro huikandamiza kwenye ardhi yenye maji. Kitambaa kilitimiza ahadi. Kilichotuangusha ni mshono wa kona ya mlango, mahali ambapo utepe wa kuzibia uliishia kama sentimeta mbili kabla ya kona. Saa nane usiku tone moja baada ya jingine, tena usoni kwangu. Nimeipaka kona hiyo gundi ya mishono na haijavuja tena. Ukinunua gundi, soma kwanza utando wa hema lako, yaani tabaka jembamba la kuzuia maji lililopakwa kwenye kitambaa, ni wa aina gani. Ya silikoni haishiki vizuri kwenye utando wa poliurethani.

Kosa jingine la usiku ule nalibeba mwenyewe. Nilitandika turubai chini ya hema, likatokeza pembeni kiasi cha kiganja. Maji yaliyoteremka ukutani yakalikuta hilo turubai na kuongozwa moja kwa moja chini yetu. Kulipokucha sakafu ilikuwa inabonyea ukiikanyaga. Turubai la chini liwe dogo kuliko hema, au likunje kingo ziingie ndani.

Fito ndizo zilizonikera. Ni za fibaglasi, na safari ya tatu mmoja ulipasuka kwa urefu ukaniachia kibanzi kidoleni ambacho mke wangu alikichimba kwa sindano kwa mwanga wa simu. Nimeuzungushia utepe mgumu, unafanya kazi. Kwa hema la ukubwa huu lenye kuta zinazokamata upepo namna hii, mtengenezaji angeweka za alumini. Vigingi pia ni vijiti vya waya tu. Vilipinda kwenye udongo wenye kokoto nikanunua vya chuma kinene. Pazia la kugawa chumba ni pambo.

Jiko lisiingie humo, hata mvua inyeshe vipi, hata barazani pa mlango. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko, haina harufu ya kukuamsha.

Na msilikunje likiwa na maji mkalisahau stoo. Mkilazimika kuondoka nalo likiwa limelowa, litandazeni mara mfikapo nyumbani, la sivyo ukungu utaota na utando wa ndani utaanza kunata na kubanduka. Langu hukaushwa juu ya kamba ya nguo na kuchukua uwanja wote. Zipu ya mfuko wake ilichanika safari ya nne, kwa sababu ulishonwa ukibana kana kwamba hema halitafunguliwa kamwe. Sasa nalifunga kwenye shuka kuukuu, fundo mbili, na linaingia butini vizuri zaidi kuliko lilivyokuwa kwenye mfuko.