Steshenari ya Mwanga iliyotuhesabia mizani

Naandika haya kwa watunzi wenzangu wa Kigoma, Kasulu na Uvinza ambao madaftari yao yamejaa na hawajui wayapeleke wapi. Kuna steshenari moja Mwanga, hapa Kigoma mjini, upande wa sokoni. Ni chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi karibu na mlango. Hao ndio waliotuchapia kijitabu chetu cha kiangazi cha 2024, nakala 40, kurasa 32. Wamenifurahisha sana, na mahali pawili wameniudhi. Nitasema yote.

Kiangazi chenyewe kwanza, maana kijitabu kimezaliwa humo. Sisi ni kikundi kidogo, tunakaa Ujiji chini ya mwembe wa mwenzetu mmoja, kahawa na kashata, kila mtu na daftari lake. Mimi ni fundi cherehani. Yupo mwalimu, yupo kijana wa bajaji, yupo bibi mmoja tunayemwita Bibi sote, na wavuvi watatu. Miaka mingine baraza letu hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza, kwa hiyo wavuvi tunawapata mbalamwezi ikitoka tu. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, nao wakawa nchi kavu miezi mitatu mfululizo. Hali ilikuwa ngumu. Nyumba zilizozoea dagaa kila siku zilikula maharage kila siku, na wateja wangu wa kushona walipungua. Lakini tulikuwa na wavuvi wetu hata siku za giza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nijiunge. Juni 22, Jumamosi, mwezi ukiwa mpevu, tulikaa mpaka saa sita usiku. Mmoja wao alisoma shairi la ziwa kufungwa, na watu wakanyamaza kabisa.

Usiku ule ndipo tulipokubaliana tuwe na kijitabu mkononi ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Mwalimu alitueleza kwamba UNESCO iliichagua siku hiyo mwaka 2021 kwa kukumbuka Julai 7, 1954, TANU ya Mwalimu Nyerere ilipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya kupigania uhuru. Tulikuwa na wiki mbili tu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta mchapaji.

Niliogopa. Mwaka mmoja nyuma nilipeleka mashairi yangu duka jingine, mji mwingine, sitalitaja. Walichapa kwa herufi kubwa mno, kila mshororo, yaani mstari wa shairi, ukakatika na kushuka chini, na kina cha kati, ile sauti inayofanana katikati ya mishororo, kikajikuta mwanzo wa mstari. Tarbia yangu ya mistari minne ikawa mistari saba. Nilipolalamika niliambiwa, "Mama, maneno si yote yapo?" Nililipa, nikaondoka, nikazifungia karatasi zile sandukuni na sijazitoa mpaka leo.

Sasa huyu kijana wa Mwanga. Nilimkabidhi daftari, akafungua, akasoma ukurasa mzima kabla hajagusa kompyuta. Akaniuliza, "Mama, hiki kipande cha kwanza na cha pili nikiache nafasi katikati, au koma inatosha?" Nikajua nimefika. Alichapa ukurasa mmoja wa majaribio, tukaupima: herufi ukubwa wa 11, mizani 16, yaani silabi 16 za mshororo mzima, zikalala kwenye mstari mmoja bila kukatika, hata kwenye karatasi ya A5. Kompyuta ilikuwa inapigia kila neno la Kiswahili mstari mwekundu, ikajaribu na kubadilisha mengine. Akaizimia kabisa kazi hiyo.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Shikamoo mama. Kuna mshororo wa baba mvuvi, naona umepungua." Nikaenda. Shairi ni lile la ziwa, ubeti wa kwanza:

Ziwa limefungwa lango, karabai tumezima,
Tumeketi kwa mpango, nyavu zetu twafuma.

Alikuwa ameweka nukta ndogo ya penseli chini ya "twafuma". Akanihesabia kwa vidole juu ya meza, kidole kwa silabi: nya-vu-ze-tu-twa-fu-ma. Saba. Kisha akarudi nyuma akauliza kama ile "m" ya "mpango" nayo ahesabu. Nikamwambia ndiyo, m ikitangulia konsonanti namna ile ina mizani yake. Akahesabu tena, nane, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukampigia mwenyewe. Yule baba alikaa kimya kidogo, nikasikia akinong'ona anahesabu, kisha akasema, "Twazifuma. Andika twazifuma." Ikakaa.

Hapo ndipo panapotofautisha steshenari hii na nyingine nilizopita. Kijana angeweza kujaza neno lake kimyakimya na pengine tusingejua. Angeweza pia kuacha kama lilivyo, akapokea hela yake. Aliweka nukta, akauliza mwenye shairi. Sijui nimsifuje zaidi ya hapo.

Kazi ya Bibi ilikuwa ngumu kuliko zote. Bibi yetu huandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, alivyofundishwa chuoni utotoni, na hati ya kizungu haimudu. Mwalimu alimnakilia, lakini tulitaka na mkono wake mwenyewe uonekane. Kijana aliskani ile karatasi ya daftari, mistari ya bluu ikatokea yote, imekatiza herufi kama waya wa senyenge. Alikaa kwenye kioo karibu saa nzima akifuta mstari mmoja mmoja, akivuta picha karibu kila palipo na nukta, maana ukifuta nukta moja ba inageuka kitu kingine. Akaupanga mkono wa Bibi ukurasa wa kushoto, nakala ya mwalimu kulia, beti zikitazamana. Kwa kazi hiyo hakuongeza hata shilingi. Kijana wetu wa bajaji, ambaye huandika mashairi huru na kila baraza anabishana na wazee kuhusu vina, naye aliulizwa kama nafasi zake ndefu ni za makusudi. Alisema ni za makusudi, zikaachwa.

Bei: kuchapa kwenye kompyuta shilingi 500 kwa ukurasa, na kila kijitabu kilichokamilika 2,500, kikiwa na jalada la manila na pini mbili za stepla katikati. Nakala 40 zikawa 100,000. Tuliuza kila kimoja shilingi 4,000.

Yaliyoniudhi ni haya. Tuliahidiwa Alhamisi Julai 4, tukapata Jumamosi usiku baada ya Isha, kesho yake ndiyo siku yenyewe. Umeme ulikatika siku mbili na hawana jenereta. Hilo la umeme si kosa lao, lakini walitaka tulipe yote mapema, na simu yangu Ijumaa haikupokelewa kutwa. Mtu akishachukua hela yako na siku zinayoyoma, apokee simu, hata kama ni ya kusema bado. Pili, jalada. Wino wa rangi waliotumia hauvumilii maji. Tone la kahawa lilianguka kwenye nakala yangu na jina la kijitabu likatiririka mpaka chini. Nyinyi mkienda, sisitizeni jalada litoke kwenye mashine ya leza, hata kama ni nyeusi tupu. Na kazi ikiisha jitumieni kwa barua pepe. Flashi yangu ilirudi na virusi.

Jumapili ile tulisoma tangu alasiri. Watunzi wawili walitoka Kasulu na vumbi la njiani hawajalinawa. Bibi alipewa nakala yake, akafungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa kushoto, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto juu ya herufi zake bila kusema neno. Kisha akaomba nakala mbili zaidi za wajukuu walioko Dar es Salaam.

Nakala ziliisha kabla ya mwisho wa Julai. Tumerudi palepale kuomba 20 nyingine, jalada la leza safari hii, na kijana alituletea siku aliyosema. Yule baba mvuvi alichukua mbili. Moja aliiacha nyumbani. Nyingine aliivika mifuko miwili ya nailoni, akaifunga kwa uzi wa nyavu, na ziwa lilipofunguliwa Agosti akashuka nayo mwaloni Kibirizi.