TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya kaboni" ya mashine za boti, mimi nimeshapigwa

Wakuu habari zenu, kuna jamaa anazunguka kwa wenye boti anauza dawa ya kutoa kaboni (masizi ya oili yaliyoganda) kwenye mashine, nimeshapigwa na mashine yangu iko chini mpaka leo, sitaki mwingine apigwe.

Alivyokuja anaongea kama fundi kweli. Akaniuliza, mashine inasumbua kuwaka asubuhi? Nikamwambia ndiyo. Ukienda taratibu muda mrefu inakohoa? Ndiyo. Jamani, mwenye tu-stroki (mashine ya kuchanganya oili na petroli) ya zamani gani atajibu hapana kwa maswali hayo! Akafungua plagi, akaingiza kamera ya waya, akanionyesha kwenye simu yake pistoni nyeusi tii, kaboni imeganda kama ukoko wa sufuria, moyo ukanidunda. Akawasha mashine akanyunyiza dawa yake kwenye kabureta, moshi ukatanda mpaka hatuonani, yeye anasema unaona uchafu unavyotoka? Dakika kumi hazikufika akanionyesha picha nyingine, pistoni inang'aa kama mpya, nikalipa na shukrani juu.

Sasa sikilizeni. Ule moshi hauthibitishi kitu chochote, ukinyunyiza mafuta yoyote yale kwenye kabureta mashine ikizunguka lazima itafuka. Na ile picha, baadaye nimekuja kuikuta kwenye simu ya mwenzangu, karushiwa na jamaa huyohuyo akaambiwa ni pistoni ya mashine yake! Ina mkwaruzo pembeni umepinda kama mwezi mchanga, uleule niliouona mimi, wakati mashine zetu hata ukubwa haulingani.

Lakini kilichonimaliza siyo picha. Aliniachia chupa ya kumimina kwenye tanki akasema hii ina oili ndani yake, kwa hiyo tanki hili usiweke oili nyingine. Nikamwamini. Hata saa haijaisha nikiwa majini mashine ikaanza kulia sauti kama msumari unaburuzwa kwenye bati, nguvu ikapungua, ikazima, navuta kamba haivutiki kabisa. Tumerudi kwa kuvutwa. Fundi wangu alipofungua, pistoni imejam, ukuta wa silinda umechimbika mistari ukipitisha kucha inakwama, na kaboni ipo palepale, juu ya pistoni na kwenye matundu ya ekzosi, haijaguswa. Tulinusa kile kilichobaki kwenye chupa, harufu ya mafuta ya taa tupu.

Wandugu, kwenye tu-stroki oili iliyo ndani ya petroli ndiyo hiyohiyo inayolainisha pistoni na beringi, hakuna nyingine. Kama mashine yako ni ya 50 kwa 1, lita 25 za petroli zinataka nusu lita ya oili, ile ya boti yenye alama ya TC-W3, na hakuna dawa ya kaboni inayochukua nafasi yake. Mtu akikwambia usiweke oili mfukuze.

Sisemi kaboni ni uongo, ipo na inaua mashine, hasa ukitembea mwendo mdogo saa nyingi, oili haiungui yote, inaganda mpaka ringi zinazozunguka pistoni zinakwama kwenye mifereji yake na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inashuka. Na dawa za kweli zipo, za kunyunyiza na za kuchanganya kwenye petroli. Ila ya kunyunyiza ina utaratibu wake, mashine ipate moto kwanza huku maji ya kupoza yanapita (usithubutu kuiwasha kavu, impela ya pampu ya maji inaungua), unanyunyiza mpaka inataka kuzima, unaizima, unaiacha dawa ilainishe kaboni kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi ni masaa, ndiyo unaenda kuikimbiza majini iteme, halafu unabadilisha plagi. Dakika kumi hapana.

Na kabla hujatoa hela dai geji ya kompresheni. Chomoa kamba ya swichi ya usalama, toa plagi zote, fungua akseleta mpaka mwisho, vuta kamba ya kuwashia mpaka mshale wa geji usipande tena, andika namba ya kila silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 15 hivi kuna tatizo. Baada ya kusafisha pima tena, kama ringi zilikuwa zimekwama na zimeachia namba itapanda, na hapo hakuna wa kukudanganya kwa moshi. Mimi nilimtajia geji akasema hayo mambo ya kizamani, nikanyamaza, hapo ndipo nilipokosea. Na kamera shika mwenyewe, simu iwe yako, picha ipigwe mbele ya macho yako.

Chupa zake ni nyeupe, lebo imetolewa kwa printa ya kawaida, haina jina la kiwanda wala tarehe. Na kama kuna mwingine aliyerushiwa ile picha ya pistoni yenye mkwaruzo wa mwezi mchanga naomba aitoe tulinganishe, nataka nijue tuko wangapi kabla sijaenda kuripoti.