Abu Simbel kwa siku moja kutoka Aswan: nendeni, ila msimtegemee mwongozaji

Mlioniuliza kama ile safari ya Abu Simbel, yale mahekalu mawili ya kale kusini mwa Misri, ina thamani ya hela, ndio ina thamani, ila someni kabla ya kwenda. Tumeamshwa saa nane usiku, saa kumi hiace imeshaondoka Aswan, kama kilomita 300 za jangwa tupu, na chakula chenyewe ni boksi la mkate mkavu na yai moja, aisee.

Kufika pale ukiziona zile sanamu nne za Farao Ramses za mita 20 usingizi wote unaisha. Sasa mwongozaji kafungua mdomo, Ramses na vita vyake, Ramses na wake zake, dakika 20 tu halafu haya nendeni mkapige picha. Nikamuuliza, na yule mama Mfaransa je? Kaniangalia tu. Christiane Desroches Noblecourt jamani, yule mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri! Lile bwawa kubwa la Aswan lilikuwa linakuja kuyazamisha haya mahekalu yote, yeye akawa mstari wa mbele kuwasumbua UNESCO na serikali mpaka hela zikapatikana, na kati ya 1964 na 1968 wakayakata vipande zaidi ya 1,000, vingine hadi tani 30, wakayapanga upya kama mita 65 juu zaidi. Yaani hata kilima unachokiona pale nyuma ni cha kutengeneza.

Na Amelia Edwards ndo kabisaa hakutajwa. Huyu mama wa Kiingereza alifika na mashua 1874, akakuta uso wa sanamu moja una madoa meupe ya plasta, kuna watu walishaunakili zamani wakaondoka zao bila kusafisha, basi akawapandisha mabaharia wake wakakwangua, na palipogoma kutoka wakapapaka kahawa ili pafanane na jiwe. Kahawa! Nilikodoa macho pale chini hadi shingo ikauma, sikuona kitu. Huyohuyo 1882 akawa mmoja wa walioanzisha mfuko wa kufukua mambo ya kale ya Misri, na pesa alizoacha alipofariki 1892 ndo zikalipia uprofesa wa kwanza wa elimu ya Misri ya kale Uingereza.

Hekalu dogo la Nefertari, mke wa Ramses, nililiingia peke yangu, sanamu zake nje zinalingana urefu na za mumewe zilizo hapohapo mlangoni, mwongozaji yuko kivulini anakunywa chai.

Mahali nyota tano, kampuni nyota mbili, na moja ni ya dereva. Bebeni chakula chenu, na mkienda kaeni upande wa kushoto, jua linachomoza huko.