Wakili na wakfu wa bibi yetu, nampa nyota mbili tu

Asalaam alaykum. Naandika kwa wenye nyumba za wakfu za ukoo, yani mali ilofungwa kwa ajili ya Mungu, faida yake tu ndo inatumika, mana Mji Mkongwe tuko wengi. Bibi yetu mzaa baba aliweka wakfu nyumba ya Malindi hapa Unguja, kodi wagaiwe watoto wake na vizazi vyao, wakimalizika iende msikitini. Msimamizi alikuwa ami yetu mkubwa, kafariki, ikabidi tuweke mwengine, na hapohapo baadhi yetu wakataka na sharti libadilishwe nyumba iuzwe tugawane.

Mie kwa kuogopa makaratasi nkamwendea wakili mmoja hapa mjini. Kanipokea kwa heshima, hilo sikatai, kachukua laki tatu na nusu kaandika kurasa sita za Kiingereza kwamba ukoo umekubaliana kubadilisha wakfu. Hati ya bibi hakuiomba hata kuiona! Nkaenda nazo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mana wao ndo wanaosimamia wakfu kwa sheria, kijana alonipokea kasoma taratibu kisha kanambia dada, haya mambo mawili mmeyachanganya. Msimamizi anabadilishwa, lakini sharti la alieweka wakfu halifutwi kwa wajukuu kutia saini, wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hapewi mtu zawadi. Na kweli, ndo hadithi ya Sayyidna Umar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa masharti hayo hayo, tumesomeshwa chuo cha Kurani tangu wadogo.

La msimamizi nkalifata mwenyewe bila wakili: cheti cha kifo cha ami, barua ya sheha (kiongozi wa mtaa), vitambulisho vyetu, karatasi tuliyosaini sote na hati ya asili. Pesa ilotoka ni ya photokopi na daladala. Wakili mtafuteni pale pana ugomvi khasa, mtu kashaiuza au kaiandikisha jina lake, na awe anaijua sheria ya wakfu, akianza kuandika kabla hajaiona hati yenu ondokeni.

Hati yenyewe ni ya herufi za Kiarabu, tukampelekea maalim wa chuo atusomee. Kumbe bibi kaandika kodi itengeneze nyumba kwanza, kinachobaki ndo kigaiwe. Miaka yote tunagawana na paa linavuja, shangazi kalia pale pale. Kodi ya mwezi huu yote tumempa fundi.