Kadi, Stika au Simu? Mfumo Upi wa Geti Ununuliwe na Mtaa Wenu

Kamati ya wakazi ikimwita fundi wa geti, swali la kwanza huwa kizuizi kinafunguka kwa sekunde ngapi. Fundi hulipenda swali hilo, kwa sababu kila mfumo anaouza unafungua geti. Mimi ningemuuliza kuhusu mpangaji wa nyumba namba 14 aliyehama Ijumaa bila kuaga: kadi yake itazimwa na nani, lini, na kamati itajuaje kwamba imezimwa? Kwa kipimo hicho ndipo nimeipanga mifumo hii, kuanzia ule ambao ningeununua hadi ule ambao singeuchukua hata wa bure. Nawaandikia hasa wenye mitaa ya ukuta ya Nairobi na viunga vyake, Syokimau, Kitengela, Ruaka na Ruiru, ingawa mwenye geti Nyali au Mbezi Beach ataona mambo ni yale yale.

Kwanza simameni getini saa kumi na mbili jioni. Magari ya wakazi mara nyingi yako kwenye foleni nyuma ya bodaboda aliyeleta chakula, naye ameinamia kitabu cha wageni akiandika nambari ya kitambulisho kwa kalamu iliyofungwa na uzi. Nyuma yake kuna boza la maji, teksi iliyoitwa kwa simu na basi la shule. Mfumo unaomfungulia mkazi pekee hautaipunguza foleni hiyo hata kidogo.

1. Stika ya kioo kwa wakazi, msimbo wa simu kwa wageni

Hii ndiyo chaguo langu kwa mtaa wowote wenye nyumba zaidi ya arobaini hivi. Stika yenyewe ni karatasi nyembamba yenye chipu na antena, haina betri, nayo hubandikwa kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Hutumia masafa ya redio kuanzia megahezi 860 hadi 960, na kisomaji kilichofungwa juu ya mlingoti huitambua gari likiwa mita kadhaa kabla ya kizuizi. Dereva hashushi kioo, hatoi mkono mvuani. Iagizeni ile inayochanika ikibanduliwa, ili ruhusa ibaki kwenye gari na isihamie kwa shemeji wa mtu.

Ina kasoro zake. Baadhi ya magari yana vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto, na stika haisomeki nyuma yake. Kwa hayo kuna stika za kubandika kwenye taa ya mbele. Mwambieni fundi alete stika chache za majaribio mzipime kwenye magari yenu wenyewe kabla ya kulipa arabuni. La pili ni upana wa eneo la kusoma. Likiachwa pana, gari lililoegeshwa karibu na geti kwa ndani husomwa tena na tena: kizuizi kinapanda, kinashuka, kinapanda. Askari wakichoka nacho hukiacha wazi usiku kucha. Dawa yake ni waya wa kutambua gari unaozikwa chini ya lami, unaokiamsha kisomaji pale tu gari linaposimama mahali pake. Waya huo ukikosekana kwenye bei aliyowaandikia fundi, muulizeni kwa nini. Tena ndio unaozuia mkono wa kizuizi kushukia paa la gari, kwa hiyo msikubali aufute ili kushusha bei.

La tatu halisemwi na wauzaji wengi. Stika ina nambari mbili: moja inayoweza kuandikwa upya na mtu yeyote mwenye kifaa, na nyingine iliyowekwa kiwandani. Mifumo ya bei ya chini husoma ile ya kwanza tu. Andikeni kwenye mkataba kwamba mnataka ya kiwandani isomwe.

Upande wa wageni, mkazi anaingiza kwenye programu jina la mgeni na nambari ya gari, mgeni anapokea msimbo wa kutumika mara moja unaokufa baada ya saa kadhaa. Hakikisheni unaweza kwenda kwa SMS ya kawaida, kwa sababu fundi wa mabomba mwenye mulika mwizi ni mgeni pia. Boza la maji, lori la taka na basi la shule wapewe ruhusa ya kudumu yenye siku na saa. Boza halina sababu ya kuingia saa nane usiku.

Na ulizeni taarifa hizo zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu ya kuzishika. Kitabu cha getini, ambamo kila anayeingia anasoma nambari ya simu ya aliyemtangulia, kilikuwa tatizo muda mrefu kabla ya sheria hizo. Programu inayohifadhi kila kitu milele ni kitabu kile kile, ila kikubwa zaidi.

2. Kadi ya kugusisha, yenye usimbaji wa kweli

Kwa korti ya nyumba kumi au ishirini, yenye askari mmoja na magari machache, kadi inatosha na inagharimu kidogo. Shida ni kwamba kadi zote zinafanana kwa macho. Ya megahezi 13.56 aina ya Mifare DESFire hutumia usimbaji wa AES, yaani njia ya kuficha taarifa kwa ufunguo wa siri, na ndiyo ya kuombwa kwa jina. Dada yake mkubwa, Mifare Classic, bado inauzwa kila mahali ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 jinsi ya kuvunja ulinzi wake.

Kuna mtego mwingine. Unaweza kununua kadi nzuri kisha ikaunganishwa na kisomaji kinachotazama tu nambari ya kadi isiyofichwa, bila kugusa sehemu iliyosimbwa. Hapo umelipia kufuli na kulining'iniza ukutani. Kipimo ni rahisi: gusisha kadi ya kampuni nyingine, ya ofisini kwako kwa mfano, wakati fundi anasajili. Mfumo ukiikubali kama kadi halali ya mtaa, unasoma nambari tu.

Ombeni pia kanuni ya kutoingia mara mbili: kadi iliyoingia haifungui tena hadi itoke. Bila hiyo, mtu hupitisha kadi dirishani kwa gari la nyuma na mchezo umeisha.

3. Simu ya mkazi kuwa ufunguo

Inapendeza kwenye maonyesho. Kwenye foleni ya jioni, dereva anatafuta simu, anaifungua, anatafuta programu, bando limeisha. Kama mtachukua njia hii, chagueni ya Bluetooth, ambayo haihitaji intaneti wakati wa kufungua, na iwe ya ziada juu ya stika au kadi.

Muuzaji anaweza kuwaambia kwamba simu itafanya kazi kwenye kisomaji chenu cha kadi cha sasa. Mara nyingi haitafanya. Simu ya Android ikijifanya kadi kwa kawaida hutoa nambari mpya ya bahati nasibu kila mara, hivyo kisomaji kinachotegemea nambari tu hakiitambui.

Kwa korti ndogo kuna kifaa cha zamani ninachokiheshimu: kisanduku chenye laini ya simu kinachofungua geti kikipigiwa na namba iliyosajiliwa. Kinaikata simu bila kupokea, kwa hiyo hakuna salio linaloliwa. Kumfuta mtu ni kutuma SMS moja. Udhaifu wake ni kwamba namba ya mpigaji inaweza kuigizwa na mwenye ujuzi, na laini isiyotumika hufungwa na kampuni ya simu, kwa hiyo mtu apewe kazi ya kuiwekea salio.

4. Kamera ya kusoma nambari za gari

Kamera ni shahidi mzuri na bawabu wa wastani. Mtu akitengeneza kibao chenye nambari ya gari lako, kamera inamfungulia. Msimu wa matope Kitengela itasoma nusu ya magari, na pikipiki zina kibao nyuma tu, upande ambao kamera ya kuingilia haiuoni. Inunueni kama bajeti inaruhusu, iungane na stika: stika ifungue, kamera irekodi na kupiga kelele pale stika na kibao visipolingana. Peke yake, hapana.

5. Rimoti

Ni za geti la nyumba moja. Zenye msimbo usiobadilika hunakiliwa na fundi wa funguo wa mtaani, na kwenye visanduku vingi vya kawaida huwezi kumfuta mtu mmoja bila kufuta wote.

6. Kadi za kilohezi 125

Zile nyeupe nene zenye nambari ndefu iliyochapishwa mgongoni. Hazina siri yoyote ndani. Hutamka nambari yake kwa kila kifaa kinachouliza, na kinakilishi kidogo cha mkononi huitoa nakala kwa sekunde chache. Isitoshe, kwa mpangilio wa kawaida wa biti 26, nambari za eneo, yaani za kutofautisha mtaa na mtaa, ni 0 hadi 255 tu, kwa hiyo kadi ya mtaa mwingine inaweza kufungua geti lenu bila mtu yeyote kukusudia. Ukikuta bei ya fundi mmoja iko chini mno kuliko ya wenzake, tazama hapa kwanza.

Umeme, na mkataba

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea sehemu kubwa ya Kenya, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA ikabaki gizani jenereta ilipokataa kuwaka. Kwa hiyo zima swichi kuu mbele ya fundi siku ya makabidhiano, muache kizuizi kifanye kazi kwa betri jioni nzima. Ufunguo wa kukiinua kwa mkono ukae kwa askari wa zamu. Gari la wagonjwa halitamsubiri mwenyekiti atoke Naivasha. Chomoeni na waya wa intaneti pia. Orodha ya wakazi lazima iwe ndani ya kidhibiti cha getini, siyo kwenye seva ya mbali pekee.

Ada ya kila mwezi ya programu iandikwe kwa kiwango na muda, na iandikwe pia kitakachotokea mkiacha kulipa: je, stika zinaendelea kufungua? Nywila ya msimamizi iwe mikononi mwa watu wawili wa kamati tangu siku ya kwanza, na fundi apewe akaunti yake ya kawaida inayoweza kufutwa. Kisha, kabla hajalipwa sehemu ya mwisho, mwambieni afute stika ya gari moja na lirudi getini papo hapo.