Lushoto ya Desemba: shuka safi, blanketi moja na divai ya mapadri

Kama uko Tanga mjini na unafikiria kula sikukuu Lushoto, nenda, ila usipande mlima tarehe 24. Siku hiyo pale Mombo, barabara ya mlimani inapoanzia, kila kosta imejaa watu wanaorudi makwao na maboksi, magunia na watoto wamepakatwa. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi tu, lakini kona zake ukizipanda umesimama, utafika Soni, mji mdogo wa njiani, huna hamu hata ya kuyatazama maporomoko. Mimi na mdogo wangu tulikwenda baada ya Krismasi, tukakaa kwenye viti kama wastaarabu.

Tulifikia nyumba ndogo ya wageni karibu na soko, shilingi 30,000 pamoja na chai. Jina nalihifadhi, maana mama mwenye nyumba ni mtu mwema. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, kwa hiyo nikiingia chumba chochote natazama shuka kwanza. Zilikuwa za pamba nzito, pindo limepigwa mishono miwili, hakuna uzi unaoning'inia. Pazia ndilo lililonisikitisha: limekatwa fupi, chini pamebaki nafasi ya vidole vinne, na mwanga wa alfajiri unakuja moja kwa moja usoni. Halafu blanketi. Moja! Kitanda cha watu wawili, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, msimu wa vuli, na wageni ni watu wa pwani. Tulilala na masweta, khanga juu yake.

Asubuhi nikamwambia mama mwenye nyumba, baada ya shikamoo. Akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, hii si baridi. Njoo mwezi wa saba." Akaleta mengine mawili, na ndoo ya maji ya moto bila kuombwa. Bomba la maji ya moto hakuna, usilitafute.

Chakula kizuri kuliko chote tulikila shamba la Irente, la Walutheri, zaidi kidogo ya saa moja kwa miguu kutoka mjini ukitembea kipwani. Mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano), jibini, jemu, mboga mbichi zilizotoka bustanini. Mdogo wangu, ambaye kwake mlo usio na wali ni kitafunio, alimaliza na sahani yangu. Kuleni kwanza, ndipo mwendelee hadi kwenye jabali la kutazamia bonde. Tulipopita mara ya kwanza kulikuwa ukungu mtupu. Baada ya chakula ukafunguka, Mombo ikaonekana kule chini kabisa.

Sasa divai. Wengi tunajua ya Dodoma tu, kumbe mapadri Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, nao wanatengeneza na kuuza. Bodaboda ilitupeleka, njia wakati wa vuli ni tope, vaa viatu usivyovionea huruma. Nilichukua chupa moja nyekundu na njugu za makadamia. Divai ina ukakasi kidogo unaobaki ulimini, na kwa jibini ya Irente inakubali sana. Kwa pilau la mwaka mpya haikunipendeza, pilau ilitaka chai ya tangawizi. Duka moja mjini lilitaka karibu mara mbili ya bei ya kule kwa chupa hiyohiyo, kwa hiyo kama miguu ipo, fuata mwenyewe.

Sokoni Desemba ni msimu wa plamu. Anayezijua zile zinazofika Tanga zimebonyea hajazila bado. Chagua ngumungumu, omba tenga badala ya mfuko, na kwenye basi lishike mapajani. Konda atakuambia aliweke kwenye buti. Kataa, hata akinuna.