Oili ya Yamalube TC-W3 kwenye mashine ya Enduro 40: tathmini ya mtumiaji

Oili hii ya Yamaha, ya injini za boti za stroki mbili, tunaitumia kwenye mashine ya Enduro ya nguvu farasi 40, iliyofungwa kwenye boti ya fiba inayovua kati ya Kilindoni na Jibondo, katika visiwa vya Mafia. Mashine yetu haina tangi la oili la peke yake, wala injini ya stroki mbili haina oili inayokaa chini yake kama ilivyo kwenye gari, kwa hiyo beringi, ringi na pistoni hulainishwa na kile tu kilichochanganywa ndani ya petroli. Ndiyo maana siwezi kuisifu wala kuilaumu oili bila kuzungumzia kipimo chake.

Jambo la kwanza ninaloliangalia dukani ni alama ya TC-W3, yaani ya oili ya injini za stroki mbili zinazopozwa kwa maji, ambayo hutolewa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, pamoja na namba ya usajili inayoanza na herufi RL. Wauzaji wengi huweka oili za pikipiki za stroki mbili kwenye rafu moja na za boti, na mnunuzi akiuliza huambiwa kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Injini ya pikipiki hupozwa kwa hewa na huwa na joto kali, hivyo oili yake huwekewa viungo vya madini ambavyo vikiungua huacha majivu. Injini ya boti hupozwa kwa maji na huendeshwa kwa muda mrefu ikiwa imefunguliwa moto wote, na majivu hayo yakijijenga kwenye plagi na juu ya pistoni yanaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, hata pistoni ikatoboka.

Katika matumizi yetu Yamalube imefanya vizuri. Moshi ni mwepesi hata boti inapokwenda polepole kwenye mikoko, plagi zikifunguliwa zina rangi ya kahawia wala si masizi meusi yaliyoloa, na asubuhi mashine huwaka bila kuhangaika na kamba.

Hata hivyo, sifa zote hizo hupotea pale kipimo kinapokadiriwa kwa jicho. Mwongozo wa mashine yetu unataka sehemu 25 za petroli kwa 1 ya oili wakati wa kuzoesha injini mpya, kisha 50 kwa 1. Kwa dumu la lita 20, hiyo ni mililita 800 mwanzoni na mililita 400 baadaye. Lita moja ya oili hutosha lita 50 za petroli. Zipo mashine zinazotaka 100 kwa 1, kwa hiyo kipimo cha jirani kisiigwe kabla ya kusoma mwongozo. Oili ikipungua, injini hunoki. Wapo manahodha wanaoizidisha kwa kuamini kwamba wanailinda mashine, kumbe plagi huloa, ringi hunata kwa kaboni, na petroli inayofika ndani hupungua kwa sababu oili imechukua nafasi yake.

Yamalube huchanganyika kwa urahisi iwapo itamiminwa kwanza kwenye petroli kidogo, dumu likatikiswa, kisha petroli iliyobaki ikaongezwa. Ni vyema kuchanganya kiasi cha safari za karibuni tu, kwani petroli iliyokaa wiki nyingi kwenye dumu hupoteza nguvu na huacha utando kwenye kabureta.

Lawama yangu ni bei, ambayo iko juu ya ile ya oili ya kupima inayouzwa ufukweni katika chupa za maji zisizo na alama yoyote. Bado ningeinunua. Ikikosekana, oili nyingine yoyote yenye TC-W3 na namba yake ya RL inafaa kwa mashine hii, hata kama si ya Yamaha. Mwenye mashine ya stroki nne hana haja nayo.